Wasomaji Wanauliza: Hevi Metali Inayofaa Majira ya Baridi

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wasomaji wetu walioko kaskazini mwa dunia, ambako theluji imeshaanza kuanguka, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: ni hevi metali ipi, yaani ule muziki mzito wa magitaa ya umeme, inayofaa kusikilizwa wakati wa baridi kali, na ni nini kinachoifanya ifae. Nimechagua barua sita. Majina ya walioandika tumeyahifadhi, na baadhi ya barua nimezifupisha.

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Uvira, na tangu mwaka jana naishi Tampere, Finland, pamoja na familia yangu. Wenzangu kazini, kwenye ghala, husikiliza hevi metali kutwa nzima, nao wanasema kwamba muziki huo hueleweka vizuri zaidi ikifika Desemba. Mimi nimekulia kwenye rumba na kwaya za kanisani, kwa hiyo nasikia kelele tu. Nikitaka kuwaelewa wenzangu, nianzie wapi? (Msomaji, Tampere)

JIBU: Ndugu yangu, wenzako hawakutanii. Hapo Tampere, mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa nne asubuhi na ikifika saa tisa alasiri limeshazama, na huko Utsjoki, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, halichomozi hata kidogo tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Finland hutajwa mara kwa mara kuwa nchi yenye bendi nyingi za metali kuliko nchi nyingine yoyote, ukilinganisha na idadi ya watu wake, na sehemu kubwa ya muziki wa bendi hizo imetungwa na watu waliolijua giza hilo tangu utotoni. Ndiyo maana haukimbilii kumchangamsha msikilizaji. Unakaa naye pale pale alipo.

Wewe uliyelelewa na rumba una faida ambayo pengine huitambui. Umeshazoea kulifuata gitaa la solo, kulisikia likiuliza na kujibu, na kuliacha likubebe kwa dakika nyingi bila kuhitaji maneno. Fanya hivyo hivyo kwenye metali ya Finland. Usihangaike kwanza na yule mwimbaji anayenguruma. Mchukulie kuwa chombo kimojawapo katika bendi, wala usidhani kwamba amekukasirikia. Lifuate gitaa, kwa sababu katika aina hii ya muziki gitaa ndilo linalobeba huzuni ya wimbo na ndilo linaloimba tuni utakayoikumbuka kesho yake.

Nakushauri uanze na bendi ya Insomnium, iliyotokea Joensuu, mashariki mwa nchi. Mwaka 2016 walitoa albamu iitwayo Winter's Gate, ambayo ni wimbo mmoja tu wenye urefu wa dakika 40. Unasimulia habari za Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, wanaosafiri kutafuta kisiwa kilicho magharibi ya Ireland huku baridi kali ikiwakaribia, na hadithi yenyewe iliandikwa na Niilo Sevänen, ambaye ndiye mwimbaji na mpiga besi wa bendi hiyo. Tafadhali usiusikilize kwa vipande. Kuna sehemu za kasi ambazo zingekuchosha zikisimama peke yake, lakini baada ya kila sehemu ya namna hiyo muziki hupungua, gitaa lisilo na mkwaruzo, yaani lenye sauti safi, au kinanda huchukua nafasi, na ndipo unapotambua kwamba ile kasi ya mwanzo ilikuwa dhoruba ya baharini na kwamba sasa chombo kimefika mahali penye utulivu. Ukiusikiliza hadi mwisho kwa mkao mmoja, utakuwa umejifunza namna ya kusikiliza sehemu kubwa ya muziki huu.

Baada ya hapo nenda kwa Swallow the Sun wa Jyväskylä, mji usio mbali sana na kwako. Mwaka 2015 walitoa kazi ya sahani tatu kwa mpigo, Songs from the North. Sahani ya kwanza ni metali yao ya kawaida, ya mwendo wa pole na yenye tuni nzuri. Ya pili ni ya magitaa matulivu bila ngurumo. Ya tatu ni nzito na ya polepole mno. Kwa kuwa umekulia pia kwenye kwaya, ningekuanzisha na ile ya pili, kisha ya kwanza, na ile ya tatu ningeiacha mpaka utakapoitamani mwenyewe.

Nina neno moja la tahadhari, na nalisema kwa moyo wote. Wenzako watakutajia pia Sentenced wa Oulu, na watakuwa na haki, kwani albamu zao Frozen ya mwaka 1998 na The Cold White Light ya mwaka 2002 ni miongoni mwa kazi bora za metali zilizotoka nchini humo. Hata hivyo maneno yao yanazungumzia kifo na kukata tamaa waziwazi kabisa, na mtu aliye katika giza lake la kwanza, mbali na kwao, hapaswi kukaa peke yake na nyimbo hizo usiku baada ya usiku. Zisikilize ukiwa na watu. Ukiona usingizi umevurugika, hamu ya chakula imekwisha na kazi imekuwa mzigo, nenda kituo cha afya ueleze, kwa kuwa unyonge unaoletwa na giza ni jambo linalofahamika vizuri huko na lina tiba, ikiwa ni pamoja na zile taa za mwanga mkali ambazo Wafini wenyewe huziwasha asubuhi.

SWALI: Napiga gitaa katika bendi ndogo hapa Nairobi. Tunataka kurekodi wimbo wenye sauti ya baridi, kama zile bendi za Norway za miaka ya 1990, lakini kila tukirekodi, kinachotoka ni roki nzito ya kawaida, yenye joto. Tumebadilisha amplifaya na bado hali ni ile ile. Tunakosea wapi? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Tatizo halimo kwenye amplifaya, au tuseme halianzii humo. Linaanzia kwenye mkono unaoshika piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi.

Katika roki nzito, mkono hupiga nyuzi kwa kishindo na kunyamaza, ukaacha nafasi ambayo dramu huijaza, na ule mpishano wa kishindo na ukimya ndio unaomfanya mtu atikise kichwa. Wanorway waliondoa ukimya huo. Piki inakwenda chini na juu kwa usawa, haraka, bila kupumzika, juu ya noti ile ile au kordi ile ile, mfano wa sindano ya cherehani, hadi sikio linaacha kusikia pigo moja moja na kusikia uzi mmoja wa sauti ulionyooka. Juu ya mwendo huo wa kasi, tuni yenyewe hubadilika polepole sana. Kordi moja inaweza kukaa kwa muda mrefu kabla ya kuhamia nyingine. Kwa hiyo msikilizaji anapata mwendo wa aina mbili kwa wakati mmoja: mikono inakimbia, lakini wimbo umetulia. Atazamaye dhoruba ya theluji kupitia dirishani huona jambo la namna hiyo hiyo, kwa kuwa chembe zinakwenda mbio ilhali mandhari haisogei.

Jambo la pili ni kordi zenyewe. Nadhani nyinyi mnatumia zile kordi fupi za noti mbili ambazo kila mpiga roki huzianza, kwa sababu zinasikika safi hata mkwaruzo ukiwa mkubwa. Jaribuni kupiga kordi nzima ya maina, pamoja na ile noti ya tatu inayoifanya iwe ya huzuni, na mwache uzi mmoja au miwili wazi ilie pamoja nayo. Mkwaruzo utazifanya noti hizo zigombane kidogo, na ugomvi huo mdogo, ambao mafundi wengi wa studio watataka kuusafisha, ndio mnaoutafuta. Mwambieni fundi auache.

La tatu ni mpangilio wa sauti. Punguzeni besi kwenye gitaa, mpandishe sauti za juu, kisha muwe na mwangwi mrefu nyuma ya kila kitu. Bendi nyingi za wakati ule zilirekodi katika jengo la Grieghallen mjini Bergen, ukumbi mkubwa wa muziki uliopewa jina la mtunzi Edvard Grieg, mikononi mwa fundi Eirik Hundvin, anayejulikana zaidi kwa jina la Pytten. Mayhem, Emperor, Enslaved na Immortal wote walipita kwake, na mkisikiliza dramu katika rekodi hizo mtasikia kwamba zimewekewa nafasi kubwa ya kupumua, hazikubanwa sikioni mwa msikilizaji. Lakini msivunjike moyo kwa kukosa ukumbi. Darkthrone walirekodi Transilvanian Hunger, iliyotoka mwaka 1994, nyumbani, kwa mashine ndogo ya kurekodia yenye njia nne tu, huku Fenriz akipiga ala zote peke yake na mwenzake Nocturno Culto akiimba. Ni albamu kavu, yenye tuni chache zinazorudiwa rudiwa, na hakuna kifaa ndani yake ambacho bendi ya Nairobi isingeweza kukipata.

Sasa niwaambie ninachokiamini mimi, kwa sababu vijana wengi wanaopenda muziki huu hudhani kwamba baridi ni ubovu wa kurekodi. Albamu ninayoiona kuwa kilele cha metali ya majira ya baridi imerekodiwa vizuri mno. Ni At the Heart of Winter ya Immortal, iliyotoka mwaka 1999. Kabla yake, bendi hiyo ya Bergen ilikuwa inapiga kwa kasi ya kupita kiasi, kama mtakavyosikia kwenye Pure Holocaust ya mwaka 1993. Kisha mpiga gitaa wao, Demonaz, akapata maradhi ya kano za mkono kwa sababu ya kupiga kwa kasi hiyo hiyo, akalazimika kuliweka gitaa chini. Hakuondoka, alibaki kuwa mwandishi wa maneno, akiendelea kuijenga ile nchi ya kubuni ya barafu na milima, Blashyrkh, ambayo nyimbo zao nyingi zinaizunguka. Abbath, aliyekuwa mwimbaji na mpiga besi, akachukua gitaa pia, Horgh akakaa kwenye dramu, nao wakaenda Sweden kurekodi katika studio ya Abyss kwa mtayarishaji Peter Tägtgren.

Kilichotoka ni nyimbo 6 tu, ambazo kwa pamoja hazifiki dakika 50. Kasi imepungua, gitaa limenenepa, kila ala inasikika wazi, na bado albamu hiyo ni ya baridi kuliko zote zilizotangulia. Sikilizeni wimbo wa tano, wenye jina la albamu, muone jinsi unavyoanza kwa utulivu na kumchelewesha msikilizaji kabla ya uzito kuingia, na jinsi kila kipande kinavyopewa muda wa kutosha kabla ya kingine kukipokea. Uvumilivu huo ndio uliokosekana kwenye rekodi mlizonitumia. Wimbo wenu wa dakika tatu na nusu una mawazo mazuri manne. Chukueni mawili kati ya hayo, mfanye wimbo wa dakika saba.

Kuhusu uzito, ambao mpiga besi wenu aliuliza pembeni, huo una asili nyingine kabisa. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani huko Birmingham akiwa kijana, na baadaye akawa analegeza nyuzi za gitaa ili zisimwumize. Kufikia albamu ya mwaka 1971 sauti ilikuwa imeshuka sana, na metali yote ya mwendo wa pole inatoka hapo. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka tarehe 13 Februari 1970, katikati ya majira ya baridi ya Uingereza, inafunguliwa kwa mvua na kengele. Ikiwa mnataka theluji, msilegeze nyuzi kupita kiasi. Sauti nzito sana huleta matope badala ya barafu.

SWALI: Mwanangu anasoma Bergen, Norway, na amenitumia picha akiwa kwenye tamasha la hevi metali. Nimesoma kwamba wanamuziki wa huko walichoma makanisa na kuua watu. Ananiambia kwamba yeye anapenda muziki tu, kwa sababu unafanana na milima anayoiona dirishani. Mimi ni mama na ni mshirika wa kanisa. Nimkataze? (Mzazi, Arusha)

JIBU: Mama, shikamoo. Uliyoyasoma ni ya kweli, wala sitayapunguza. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, mjini Bergen, ambalo asili yake ni karne ya 12, liliteketezwa kwa moto, na mengine kadhaa yakafuata. Mwaka huo huo mpiga dramu wa Emperor alimuua mtu mjini Lillehammer. Tarehe 10 Agosti 1993 Varg Vikernes alimuua mwanamuziki mwenzake, Øystein Aarseth wa Mayhem, na mwaka 1994 alihukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa mauaji hayo na kwa uchomaji wa makanisa. Kanisa la Fantoft lilijengwa upya, na mwanao anaweza kulitembelea.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau wanapozungumzia moto, nalo kwetu sisi Waafrika si dogo. Baadhi ya watu wa kundi lile walikuwa na mawazo ya kibaguzi. Vikernes huyo huyo, baada ya kutoka gerezani na kuhamia Ufaransa, alikutwa na hatia mahakamani mwaka 2014 kwa kuchochea chuki dhidi ya watu wa dini na asili nyingine. Kwa sababu hiyo kazi zake siziweki kwenye mapendekezo ya safu hii, hata pale mashabiki wanaponiandikia kwamba ni muziki wa baridi usio na mfano. Hata ile albamu ya Darkthrone niliyomtajia msomaji wa Nairobi ilikuwa na maneno ya kibaguzi nyuma ya jalada ilipotoka, na baadhi ya mashairi yake yaliandikwa na Vikernes. Anayeitafuta kwa ajili ya kujifunza kupiga na aitafute akijua hayo.

Lakini magharibi mwa Norway kumetoka pia wanamuziki ambao hawakuhukumiwa kwa lolote kati ya hayo. Immortal waliimba habari za barafu na milima ya kubuni tangu walipopata sauti yao. Enslaved, walioanza wakiwa vijana wadogo mwaka 1991, walijikita katika hadithi za kale za Norway, na albamu yao Frost ya mwaka 1994 ni mahali pazuri pa mwanao kuanzia.

Na kama anapenda milima, mwulize kama amewasikia Windir, kutoka Sogndal, bonde lililo kaskazini-mashariki ya Bergen. Kiongozi wao, Terje Bakken, aliyejiita Valfar, aliandika mengi kwa lahaja ya kwao na kuchanganya tuni za muziki wa asili wa bonde hilo na metali ya kasi. Albamu yao 1184, ya mwaka 2001, imechukua jina lake kutoka mwaka wa vita vya Fimreite, vilivyopiganwa pale pale kwao, ambamo mfalme Magnus Erlingsson aliuawa. Mwezi Januari 2004 Valfar aliondoka kwa miguu kuelekea nyumba ndogo ya familia yake mlimani, akakutwa na dhoruba ya theluji, na siku tatu baadaye mwili wake ukapatikana. Alikuwa na umri wa miaka 25. Ukimsimulia mwanao habari hiyo, mwombe pia asiende mlimani peke yake bila kumuaga mtu na bila kuangalia utabiri wa hali ya hewa, kwa sababu baridi inayoimbwa kwenye albamu hizo inaua kweli.

Simkatazi, mama, nami nisingependa umkataze. Mwulize ni bendi zipi anazosikiliza na wanasema nini. Kijana anayeweza kujibu swali hilo bila kubabaika anasikiliza akiwa na akili zake.

SWALI: Huku Limuru mwezi Julai ukungu hauondoki hadi saa sita mchana na tunalala na sweta. Je, sisi hatuna haki ya kusikiliza metali ya baridi kwa sababu hatuna theluji? (Msomaji, Limuru)

JIBU: Haki mnayo, na albamu yenu ipo. Itafute The Mantle ya Agalloch, iliyotoka mwaka 2002. Bendi hiyo ilitoka Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, mji ambao baridi yake ni ya mvua ndefu, ukungu na miti mirefu iliyolowa, kuliko theluji nene, kwa hiyo inalingana na kipupwe cha Limuru zaidi ya albamu yoyote ya Bergen. Magitaa yasiyotumia umeme yamejaa ndani yake, na nyimbo nyingine hupita dakika kumi bila haraka. Hata ile picha ya jaladani, inayomwonyesha mnyama mwenye pembe kubwa, ni ya sanamu ya mjini humo.

Na kwa kuwa umetaja haki, nchi yenu ina metali yake pia. Nairobi imekuwa na bendi za muziki huu kwa miaka mingi, na kutoka kwenye bendi mbili kati ya hizo, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, wakatoka Martin Khanja na Sam Karugu, walioungana kuwa Duma. Albamu yao ya kwanza ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes, kampuni ya muziki ya Kampala. Si muziki wa baridi hata kidogo, unachoma na kukata, na kompyuta imechukua nafasi ya dramu; nautaja kwa sababu mtu wa Limuru anayesikiliza Portland anapaswa kujua kilichofanyika Nairobi.

SWALI: Tuko Minneapolis, theluji imefika magotini, na Krismasi hii ndugu zangu wanakuja. Mume wangu anataka hevi metali, mama mkwe anataka nyimbo za Krismasi. Kuna kitu kinachoweza kuwaridhisha wote wawili? (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Kipo, na huko mliko watu wengi wanakijua. Mwaka 1995 bendi ya Savatage, ya Florida, ambako theluji ni habari ya kusikia tu, ilitoa albamu Dead Winter Dead, inayosimulia vita vya Bosnia kupitia kijana wa Kiserbia na msichana Mwislamu. Ndani yake mna kipande kisicho na maneno kuhusu usiku wa kuamkia Krismasi mjini Sarajevo, wakati mji huo umezingirwa. Msukumo wake ulitokana na Vedran Smailović, mpiga selo wa Sarajevo, ambaye mwaka 1992, baada ya kombora kuua watu zaidi ya 20 waliokuwa kwenye foleni ya mkate, alitoka na selo yake akawa anapiga mahali pale pale palipoanguka kombora. Kipande hicho kinaanza na selo peke yake, kisha magitaa na dramu vinaingia vikiwa vimebeba tuni mbili za Krismasi ambazo mama mkwe atazitambua mara moja, mojawapo ikiwa ile ya kengele, iliyotungwa na Mykola Leontovych wa Ukraine mwanzoni mwa karne ya 20.

Kipande hicho kilipendwa mno redioni, hata mtayarishaji wao, Paul O'Neill, akaanzisha kundi zima kwa ajili ya muziki wa namna hiyo, Trans-Siberian Orchestra, ambalo albamu yake ya kwanza ya Krismasi ilitoka mwaka 1996. Hilo ndilo ningeliweka mezani kwenu, kwa kuwa lina kwaya, violini na magitaa yanayounguruma, na kila mmoja atapata chake. Mkianza na selo ya Sarajevo, nawaomba mwasimulie watoto ilikotoka kabla ya kubonyeza.

Wageni wakiizoea sauti hiyo, mwongezeeni mume wako Rob Halford, mwimbaji wa bendi ya Judas Priest, aliyetoa Winter Songs mwaka 2009, na kisha Celestial mwaka 2019 akiwa na jamaa na marafiki zake. Christopher Lee, mwigizaji maarufu wa Uingereza, naye alitoa sahani fupi ya nyimbo za Krismasi kwa hevi metali mwaka 2012, akiwa ametimiza miaka 90, na sauti yake ya chini ilikuwa ingali imesimama imara. Hiyo nadhani itampendeza mama mkwe kuliko mnavyotarajia.

SWALI: Nafanya kazi ya usiku Edmonton, Canada. Nasubiri basi nje kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, na simu yangu huzimika katikati ya albamu hata ikiwa na chaji nusu. Nifanyeje, na ni albamu gani inayofaa safari hiyo? (Msomaji, Edmonton)

JIBU: Simu yako haijaharibika. Betri za lithiamu hushindwa kutoa umeme wa kutosha zikipata baridi kali, simu ikadhani chaji imekwisha na kujizima; ukiipasha joto, chaji hurudi. Iweke mfuko wa ndani kabisa wa koti, karibu na mwili, uchague albamu ukiwa bado ndani ya jengo, na usiitoe tena mpaka uwe ndani ya basi. Ikizimika, usiichomeke kwenye chaja ikiwa bado ya baridi; isubiri ipate joto la chumba kwanza. Vipokea sauti vya waya vitakufaa kuliko vile visivyo na waya, ambavyo vina betri ndogo zaidi zinazopoa haraka, na ukivivaa chini ya kofia ya sufi utalinda masikio pamoja na waya. Ukiwa kando ya barabara, acha sikio moja wazi, kwa sababu theluji hupunguza mlio wa magari yanayokaribia.

Sauti usiipandishe sana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na metali ya baridi, yenye sauti nyingi za juu, huchosha masikio mapema kuliko unavyohisi. Kwa safari ya usiku wa manane, chukua 1184 ya Windir wakati wa kwenda kazini, kwa kuwa ina mwendo wa kumwamsha mtu, na asubuhi, ukirudi umechoka, weka ile sahani ya pili ya Swallow the Sun niliyomtajia msomaji wa Tampere.